Daftari Chini ya Mto

Mzee alikuwa ameketi kitandani, mto magotini, viwiko juu ya mto, kichwa kimeinama mbele. Ndivyo anavyolala siku hizi. Akilazwa chali anaona kama anazama. Aliitikia shikamoo yangu kwa neno moja, akapumzika, akaongeza la pili. Mkwewe, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, aliingiza mkono chini ya mto wa kichwani akatoa daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. "Nesi, usiku wa jana saa nane alihema mara thelathini na nne kwa dakika," akaniambia kabla sijauliza lolote. "Tukamwinua, tukafungua dirisha. Saa tisa akashuka, ishirini na sita."

Nimeingia nyumba nyingi zenye wagonjwa hapa Singida, mjini na vijijini. Nimekuta shuka zinafuliwa kila siku, nimekuta ndugu wanaokesha kwa zamu, nimekuta vidonge vimepangwa kwenye kopo kwa utaratibu mzuri kuliko wa wodini. Daftari nimelikuta mara chache mno. Na kwa mtu aliyeupata ugonjwa wake kazini, mwenye fidia au anayeihangaikia, daftari lile lina kazi mbili kwa pamoja: linamtibu na linamtetea. Watu huniuliza wamchague nani wa kumhudumia mzee wao nyumbani baada ya kutoka mgodini na kifua kilichoharibika. Jibu langu nalisema mapema: mchague anayeandika, na anayekubali alichoandika kisomwe na mtu mwingine.

Swali hili si geni mkoani kwetu, ila limechelewa kuulizwa. Dhahabu ya Sekenke, kule Iramba, Wajerumani walianza kuichimba 1909. Vita Kuu ya Kwanza ilipowabana, 1916, dhahabu hiyo ilipelekwa Tabora ikapigwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, ambazo mpaka leo wakusanyaji wa sarafu wanazigombania. Sarafu zile zilihesabiwa moja moja. Daftari la vifua vya waliolivunja jiwe lile sijawahi kuliona. Baada yao wakaja wachimbaji wadogo wa Iramba, Ikungi na Manyoni, vijana wanaoshuka kwenye duara, yaani shimo la mgodi, na moko (tindo) na nyundo, kina mama wanaoponda mawe juani, wenye makarasha, mashine za kusaga mawe, yanayotoa vumbi jeupe kama unga wa muhogo. Na tangu 2023 mgodi mkubwa wa Mang'onyi, Ikungi, unatoa dhahabu, na vijana wetu wengi wameajiriwa huko kwa mkataba na kofia ngumu.

Tukisema ugonjwa wa kazini, wengi hukumbuka ajali: duara lililotitia, mkono uliobanwa na mkanda wa mashine. Ajali huonekana siku hiyohiyo, ina tarehe na ina mashahidi. Vumbi halina tarehe. Chembe za silika zilizomo kwenye mwamba wa kwatzi ni ndogo kiasi kwamba pua na koo haziwezi kuzikamata. Zinafika ndani kabisa ya pafu na kutulia huko. Mwili unazizungushia kovu. Kovu linaungana na kovu, na sehemu ile ya pafu inakakamaa, haitanuki tena. Kwa kawaida inachukua miaka kumi au zaidi kabla mtu hajaanza kuhema akipanda kamlima, na wakati huo huenda ameshaacha mgodi, analima alizeti, na hakuna anayeuhusisha ugonjwa wake na moko alilolishika ujanani. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya. Mbaya zaidi, pafu lenye silika ni kiota cha kifua kikuu. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, iliyoanza 1926 kwa ajili ya kifua kikuu, imefanya kazi kubwa ya kuwapima wachimbaji wa Mererani kwa sababu hiyohiyo: magonjwa haya mawili yanakwenda pamoja.

Sasa nani analipa? Sheria ya zamani tuliyoirithi kwa mkoloni ilimfidia mtu aliyepata ulemavu wa kudumu kazini kiasi kisichozidi shilingi 108,000. Soma tena kiasi hicho. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ndiyo iliyobadilisha hali, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ukaanza kazi 2015. Anayechangia ni mwajiri. Mfanyakazi hakatwi senti. Mafao ya mfuko ni matibabu, malipo ya ulemavu wa muda na wa kudumu, huduma za utengamao, msaada wa mazishi, pensheni kwa wategemezi, na fao moja ambalo familia nyingi nilizokutana nazo hazijawahi kulisikia: malipo kwa ajili ya mtu anayemhudumia mgonjwa asiyeweza kufanya mambo ya lazima ya maisha bila msaada wa mwingine kila wakati.

Fao hilo ndilo lenye uzito kwenye mada yetu, maana linatambua kwa sheria jambo ambalo tumelifanya karne nzima bila kulitaja: kwamba kuna mtu ameacha shamba lake, biashara yake ya vitunguu, au masomo yake, ili amgeuze mgonjwa kitandani. Karibu kila mara mtu huyo ni mwanamke. Karibu kila mara haandikwi popote.

Marekani wamelipitia jambo hili kabla yetu, na kwa gharama. Waliojenga mabomu ya nyuklia ya nchi ile, na Wanavajo waliochimba urani kwenye ardhi yao tangu miaka ya 1940, waliugua saratani na mapafu kwa miongo kadhaa huku wakiambiwa walete ushahidi. Mwaka 1990 bunge lao likapitisha sheria ya kuwafidia wachimbaji wa urani, na mwaka 2000 nyingine ya wafanyakazi wa viwanda vya nyuklia, ambayo pamoja na fedha taslimu inagharimia uuguzi nyumbani daktari akiuagiza. Mgonjwa anayestahili halipi kitu. Palipo na mlipaji wa uhakika wafanyabiashara hawakawii, na kampuni za uuguzi wa nyumbani zikaanza kuwafuata wazee hao. Nyingine zina wauguzi hodari kweli. Lakini mzee anajikuta anachagua kampuni kwa sababu ndiyo iliyomjazia fomu, au ndiyo iliyomwahidi saa nyingi zaidi za kuhudumiwa. Mwaka 2019 serikali yao ililazimika kukaza taratibu za kutoa kibali kabla ya huduma hizo kuanza.

Naliona hilo kuwa funzo kubwa kwetu. Anayekufuatilia mafao na anayekuhudumia wasiwe mtu mmoja, na kama ni mmoja basi awepo wa tatu anayewaangalia. Niliwahi kukuta familia ambayo mtu aliyejitambulisha kuwa muuguzi alichukua cheti cha daktari, barua ya kuacha kazi na picha za eksirei, akasema anakwenda kushughulikia kila kitu, na kwamba fedha zikitoka atachukua sehemu yake. Miezi mitano ikapita. Mgonjwa alipozidiwa tulimpeleka hospitali bila picha hata moja ya kulinganisha. Daktari alianza upya, kama vile kifua kile kimeugua siku hiyo. Nyaraka za mgonjwa hazitoki nyumbani. Toa nakala. Anayekataa nakala na kudai karatasi halisi, mwonyeshe mlango kwa heshima.

Huku kwetu kampuni za uuguzi wa nyumbani huzioni kwa wingi kama Dar es Salaam. Ukiwa Singida unachagua kati ya watu wa namna tatu au nne. Yupo muuguzi mstaafu au aliye kazini anayekuja baada ya zamu. Yupo mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu 137,294 wa aina hii katika miaka mitano, wanaochaguliwa na wanajamii wenyewe. Wapo watu wa huduma za tiba shufaa walio karibu na hospitali za mashirika ya dini. Na yupo ndugu, ambaye ndiye anayebaki usiku wote hao wakishaondoka.

Muuguzi mwombe leseni. Usione haya. Baraza la Uuguzi na Ukunga ndilo linalomsajili na kumpa leseni, na muuguzi wa kweli huitoa kwenye mkoba bila kununa. Mimi mwenyewe naombwa na nafurahi. Halafu muulize anaripoti kwa nani. Hapo ndipo ninapomtofautisha mtu na mtu. Mhudumu asiye na kituo cha afya nyuma yake, asiye na daktari wa kumpigia simu saa nane usiku, hata awe na mikono ya dhahabu, amebeba peke yake mzigo ambao utamwangusha pamoja na mgonjwa. Mhudumu wa jamii aliyesoma miezi michache tu lakini anajulikana zahanati, anapeleka taarifa kila wiki na anakubali kusahihishwa, mimi namchagua huyo.

Kisha mpe jaribio dogo. Mwambie ahesabu pumzi za mgonjwa. Anayejua hatamwambia mgonjwa kwamba anamhesabia, kwa sababu mtu akijua anahesabiwa anabadilisha namna ya kuhema. Atamshika kifundo cha mkono kana kwamba anapima mapigo ya moyo, macho yake yatakuwa kifuani, na atahesabu dakika nzima, si sekunde kumi na tano mara nne. Mtu mzima aliyetulia huhema mara 12 hadi 20. Mgonjwa wa pafu lililokakamaa anaweza kuishi siku zote akiwa juu ya hapo kidogo, na kwa hiyo namba ya leo peke yake haisemi mengi. Inasema inapowekwa mbele ya namba za mwezi uliopita. Ndiyo maana nasisitiza daftari.

Mkwe yule anaandika saa, idadi ya pumzi, alichokula mzee, alivyolala na rangi ya makohozi. Siku moja aliandika "njano, na uzi wa damu", akapiga simu zahanati asubuhi hiyohiyo. Makohozi yakapimwa, kifua kikuu kikakutwa mapema, dawa zikaanza. Si mashine iliyoanza kuushtukia ugonjwa ule. Ni kalamu ya shilingi mia tatu na mtu aliyefundishwa kwamba kikohozi cha mgonjwa wa vumbi kikibadilika hakisubiri.

Oksijeni nayo inahitaji neno refu kidogo, kwa sababu ndipo familia zinapotumbukia. Mashine ya kuzalisha oksijeni ya lita tano hula umeme wa wati 350 hivi. Ikiwashwa mchana na usiku ni takriban uniti 8 kwa siku, uniti 240 kwa mwezi. Familia iliyokuwa ikilipa ile bei nafuu ya watumiao uniti zisizozidi 75 inavuka kiwango hicho, na bei ya uniti inapanda. Nimeona nyumba zinazozima mashine kuanzia saa sita mchana ili LUKU ifike mwisho wa mwezi, na wanaogopa kumwambia daktari. Anayekuja kukuhudumia akikuletea habari za mashine bila kukuuliza umeme unalipwa na nani, na ukikatika mtafanya nini, hajafikiri mpaka mwisho. Na si kila anayehema kwa shida anahitaji oksijeni. Kuna wanaohitaji kuketishwa vizuri, dirisha lifunguliwe, mtu awapepee taratibu usoni kwa kipande cha boksi, wafundishwe kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza moto. Kuna wanaohitaji jiko la kuni lihamishwe kutoka chumba kinachopakana na chao. Upepo wa Singida tunaulalamikia kila mwaka, lakini kwa mgonjwa wa kifua dirisha linalopokea upepo ni sehemu ya matibabu.

Ugonjwa ukifika mwisho, mofini ya maji kwa dozi ndogo, aliyoiandika daktari, inapunguza ile hofu ya kukosa hewa kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Bado watu wanaiogopa. Muulize mhudumu anasemaje kuhusu mofini. Akisema inaua, ujue hajafanya kazi na wagonjwa wa aina hii.

Waliobaki nje ya haya yote ni wachimbaji wadogo. Kijana wa kwenye duara hana mwajiri wa kumchangia. Ana mwenye duara, mwenye karasha, mgawo wa mawe, na siku ikienda vibaya hana chochote. Akifikisha miaka 60 na akiwa hajiwezi, sera inamruhusu kutibiwa bila malipo akiwa na kitambulisho cha mzee. Lakini silikosisi haimsubiri mtu afike 60. Naandika hivi nikiwa na uchungu, maana nimewazika wenye miaka 40. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inaweza kumsaidia kwa matibabu ya hospitali. Uangalizi wa nyumbani bado unabebwa na mama yake. Vyama vya wachimbaji vinavyokata ada kwa ajili ya leseni na barabara ya mgodi vinaweza kutenga kidogo kwa ajili ya mhudumu mmoja wa kijiji. Haihitaji bunge kukaa.

Kwa walioajiriwa, silaha ya kwanza inapatikana kabla ya ugonjwa. Taratibu za Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, zinataka mfanyakazi apimwe anapoanza kazi, apimwe akiwa kazini, na apimwe anapoondoka. Kile kipimo cha kuondoka vijana wengi hukikimbia kwa sababu wanawahi basi na wana fedha mfukoni. Mdogo wangu, usipande basi. Dai nakala ya eksirei na majibu ya kipimo cha kupuliza, uyaweke kwenye sanduku lile lenye cheti cha ndoa. Miaka kumi na tano baadaye, daktari akithibitisha ugonjwa, swali la kwanza kwenye madai litakuwa pafu lako lilikuwaje ulipotoka.

Nalisema hili pia kwa jicho la Manyoni. Kampuni ya Uranex ya Australia ilitafiti urani kwenye mbuga za huko miaka kadhaa iliyopita, na kule Namtumbo, mradi wa Mto Mkuju umeshafika hatua ya kiwanda cha majaribio, kilichozinduliwa 2025. Iwapo siku moja urani itachimbwa kwetu, vumbi litakuwa na mwenzake: gesi ya radoni, isiyo na harufu wala rangi, inayosababisha saratani ya mapafu. Tume ya Nguvu za Atomiki, yenye makao Arusha, tayari inasoma vipimo vinavyovaliwa na wafanyakazi wa eksirei hospitalini. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki zinataka kumbukumbu ya mionzi aliyoipata mfanyakazi itunzwe mpaka afikishe, au angefikisha, miaka 75, na isiwe chini ya miaka 30 tangu aache kazi. Miaka 30! Kampuni huuzwa, hubadili jina, hufunga ofisi na kurudi kwao. Wamarekani walipokuta kumbukumbu za viwanda vyao hazitoshi, waliamua kwamba kwa maeneo fulani, aliyefanya kazi siku 250 na akapata moja ya saratani 22 zilizotajwa, anakubaliwa bila kudaiwa ushahidi zaidi. Hilo ndilo ningetaka wabunge wetu wa Singida walipiganie, na kwa silika kwanza, kwa sababu silika iko tayari vifuani.

Mzee yule alipoitwa kutathminiwa ulemavu wake, mkwewe alikwenda naye, daftari kwenye mfuko wa rambo. Daktari alimuuliza mgonjwa maswali ya kawaida: unatembea umbali gani, unaoga mwenyewe, usiku unalalaje. Mzee, kama wanaume wengi wa umri wake, akajibu kwamba anaendelea vizuri, anamshukuru Mungu. Mkwe hakumpinga baba mkwe wake mbele ya watu. Alilifungua tu lile daftari kwenye ukurasa wa Machi, akalisukuma taratibu juu ya meza. Daktari alivaa miwani yake, akasoma ukurasa ule, akafunua wa pili, akafunua wa tatu. Kisha akachukua kalamu, akamgeukia yeye, si mzee, akamuuliza: "Mama, wewe unalala saa ngapi?"